Sufuria Iliyorudi Imejaa

Mtaani Songo, mjini Uvira, mtu akifa, watu hawaanzi kwa kuuliza amekufa na nini. Wanauliza kama Mama Georgette ameshaambiwa. Kama bado, basi kilio chenyewe hakijaanza, hata kama wafiwa wameshalia mpaka sauti zimewakauka. Mama Georgette ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha viti vya plastiki. Ndiye anayejua bashi ipi, turubai ipi, ina matundu na ipi haivuji mvua ikinyesha juu ya waombolezaji. Ndiye anayetoa sufuria kubwa za chama cha akina mama, na ole wake atakayerudisha sufuria yenye masizi.

Riziki yake ni ndakala, dagaa wa ziwani, anazouza sokoni akiwa ameketi juu ya kigoda kilichomzoea. Ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mpana, na mdomo wake hauna breki. Lakini kazi anayojulikana nayo ni kuosha wafu na kusimamia vilio, na ameifanya miaka thelathini bila mtu kumpa cheo. Ana sheria zake mbili. Ya kwanza, hapokei maiti iliyofunikwa, lazima aone uso. Ya pili, mtu ambaye amemfunua uso kwa mikono yake mwenyewe, atamfikisha kaburini. Mume wake Rémy, fundi redio anayeongea na redio zake kuliko anavyoongea na watu, husema kwamba siku Georgette atakapokufa, atainuka kwanza kupanga viti, ndipo alale tena.

Sasa mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukosea juu ya kifo cha mtu, alikosea mara moja. Ilikuwa mwaka jana, na kifo alichokikosea ni cha mdogo wake mwenyewe. Mtaa mzima mpaka leo unamshukuru Mungu kwa kosa lile.

Mdogo wake anaitwa Toussaint. Mama yao alipofariki, Toussaint alikuwa na miaka minne, na Georgette ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akakataa kubebwa. Leo ni mwanaume wa miaka arobaini mwenye ndevu, bado anamwita Yaya, yaani dada mkubwa, na bado anamwogopa kidogo. Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Siku moja watu wawili walimletea motere ya mtumbwi iliyopasuka bomba, akaiziba vizuri kama kawaida yake. Motere ilikuwa ya wizi. Polisi walipofika, wale wawili walikuwa wameshaondoka, na Toussaint alikuwa amechuchumaa mbele ya motere na miwani yake ya kazi usoni. Wakamchukua yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo.

Walimtia katika gereza ambalo watu huliita Kwa Ukuta. Dosye yake, faili la kesi, ikapelekwa parke, ofisini kwa waendesha mashtaka, na huko ikalala usingizi mzuri ambao mwenye dosye hakuupata. Miezi kumi na moja. Hakuhukumiwa, hakuulizwa neno, hakuitwa mbele ya jaji hata kwa bahati mbaya.

Kwa Ukuta palijengwa kwa watu themanini, na mwaka ule walikuwamo zaidi ya mia tatu. Serikali hutoa upawa mmoja wa maharage kwa siku, siku ambazo maharage yapo. Anayeishi humo anaishi kwa chakula cha kwao. Kila asubuhi wanawake hupanga foleni mbele ya kidirisha cha chuma kilichokatwa kwenye geti, kila mmoja na sufuria yake imefungwa kitambaa. Mlinzi huita jina. Mfungwa huitika kutoka ndani, hupokea sufuria iliyojaa na kurudisha ile ya jana, tupu, imeoshwa, imefungwa tena kitambaa chake ili mfuniko na kijiko visipotee. Mleta chakula na mla chakula hawaonani, maana kidirisha kiko juu na mlinzi amesimama katikati. Sura ya mtu wako utaiona siku ya kutembelea, mara moja kwa mwezi, kama mlinzi wa siku hiyo ameamka vizuri.

Na kuna jambo ambalo wanawake wa foleni ile wanalijua bila kufundishwa. Sufuria ikirudi imejaa, mtu wako amekufa. Hakuna mlinzi anayetaka kulitamka neno lile mbele ya mwanamke. Anasukuma sufuria nje, anatazama pembeni, anaita jina linalofuata. Mwaka ule sufuria tatu zilikuwa zimeshasukumwa hivyo. Mmoja alikufa kwa kuhara, mmoja kwa kifua, na wa tatu hakuna aliyetafuta kujua. Vilio viwili kati ya hivyo Georgette alivisimamia mwenyewe, akarudi kwenye foleni kesho yake na sufuria ya Toussaint.

Mwezi wa Septemba, siku ya kutembelea, Toussaint alikuja akichechemea. Alikuwa amekanyaga msumari uani, mguu wa kushoto. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, mtu angeweza kukifunika kwa punje ya hindi, lakini mguu ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, ngozi inang'aa. Georgette aliugusa akakuta unawaka. Akauliza enfirmye, muuguzi wa gereza, yuko wapi. Akaambiwa yuko Bukavu kwenye semina, na ufunguo wa chumba cha dawa anao yeye mfukoni, huko huko kwenye semina.

Akanunua vidonge, akavipeleka. Vikabaki getini, kwa sababu dawa haiingii bila enfirmye. Akaomba mdogo wake apelekwe hospitali. Akaambiwa mfungwa hatoki bila karatasi ya parke. Basi akaenda parke. Mara ya kwanza mhusika hakuwapo. Mara ya pili mhusika alikuwapo, lakini mhuri ulikuwa kwa mwingine. Mara ya tatu aliambiwa aandike barua. Mara ya nne barua ilionekana haina nafasi ya kutosha pembeni. Mara ya tano na ya sita aliambiwa kesho, na aliyemwambia hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Georgette, ambaye sokoni anaweza kumtoa mtu machozi kwa bei ya ndakala, alitoka pale mara sita akiwa amenyamaza kimya, kwa sababu alijua kwamba akifungua mdomo wake, Toussaint ndiye atakayelipia.

Kitu kilichomtuliza kidogo ni sufuria. Kila asubuhi ile ya jana ilirudi tupu na safi, basi mtu wake anakula, na anayekula yuko hai. Kilichomuudhi ni fundo. Toussaint alikuwa akifunga kitambaa ovyo ovyo tangu utoto wake, lakini kama wiki mbili hivi sufuria ilikuwa ikirudi na fundo moja gumu ambalo alilifungua kwa meno, tena kwa kutukana. Alimlalamikia Rémy kwamba jela imemharibu mtoto, sasa anafunga sufuria kana kwamba itatoroka. Rémy alijibu kwamba labda huko ndani hata sufuria zinataka kutoroka.

Ilikuwa Jumanne. Kidirishani alikuwapo mlinzi mgeni aitwaye Déogratias, aliyehamishiwa hapo kutoka Kalemie siku kumi tu zilizopita. Alipokea sufuria ya Georgette. Akaita jina la Toussaint kwa sauti ya chini, halafu akatulia kama mtu aliyejikumbusha kitu. Akamrudishia sufuria ya jana, tupu, imefungwa. Kisha akamrudishia na ile ya leo, bado ya moto. Akatazama pembeni na kuita jina linalofuata.

Jina linalofuata lilikuwa la mume wa Noella, jirani yake wa sokoni, lakini Noella hakusogea. Alikuwa amemshika Georgette kiunoni kwa mikono yote miwili.

Georgette hakupiga kelele. Alipanga sufuria mbili, moja juu ya nyingine, akaziweka kichwani, akatembea mpaka Songo, na wanawake wanne nyuma yake wakiwa wameshaanza kulia. Ndani ya kifua chake hapakuwa na machozi. Palikuwa na orodha: viti, maji, kuni, fundi seremala, kwaya, shuka jipya. Alifika, akatupa sufuria kwenye kona ya nyumba, akachukua ufunguo wa chumba cha viti, na majirani walipomwona ameshika ufunguo ule bila mtu yeyote kuja kumwita, walielewa. Alivumilia mpaka alipoulizwa itandikwe bashi ipi. Akasema ile isiyo na tundu, na hapo uvumilivu ukaisha. Aliketi juu ya saruji akalia kama alivyowaona wengine wakilia miaka thelathini, na akashangaa kwamba hakuwahi kujua kinavyouma.

Kufika saa saba mchana, viti arobaini vilikuwa vimepangwa, maharage yako jikoni, na Pitchou seremala alikuwa anapiga randa mbao bila kuja kuchukua kipimo, kwa sababu alicheza mpira na Toussaint tangu utoto na urefu wake aliujua. Watu kama sitini waliondoka kwenda kuchukua maiti. Vijana wa kanisa walibeba machela. Kwaya iliimba. Georgette alitangulia mbele na beseni, sabuni na shuka jipya.

Direkta wa gereza, mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno kwa mahali kama pale, aliwapokea getini akiwa na sura ya mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu alfajiri alikuwa na maiti na hana gari. Akamwita Déogratias, na Déogratias akathibitisha kwamba ndiyo, Toussaint amekufa kabla ya jua kutoka, anamjua sana, ndiye aliyekuwa anaitika kidirishani kila asubuhi. Karani alikuwa ameshajaza karatasi: jina, saa, na mahali pa sababu ameandika neno ugonjwa, basi. Wafungwa wawili wakaleta mwili umezungushiwa blanketi, wakaulaza juu ya machela. Direkta akanyoosha kalamu ili Georgette atie saini.

Georgette hakuigusa kalamu. Alipiga magoti. Siku zote alianza na uso, lakini siku ile mkono wake ulikwenda wenyewe chini, kwenye mguu wa kushoto, kwa sababu ule mguu ndio alioubeba kichwani wiki tatu. Aliuingiza mkono chini ya blanketi. Mguu ulikuwa mwembamba na mkavu, kisigino kigumu chenye nyufa za zamani, mguu wa mtu aliyetembea sana bila viatu. Hapakuwa na uvimbe. Hapakuwa na kidonda. Akafunua uso, akakuta mzee mwenye ndevu nyeupe chache na meno machache zaidi, mtu ambaye hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Huyu haiko wangu," alisema.

Direkta alimweleza kwa upole kwamba kifo hubadilisha sura ya mtu, na kwamba uchungu pia hufanya macho yasione sawasawa. Georgette alimjibu kwamba kifo anakijua, wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na hajakiona kikimzeesha mtu miaka thelathini kwa usiku mmoja. Halafu akamgeukia Déogratias na kumuuliza Toussaint wake yuko wapi. Déogratias alikuwa amebadilika rangi. Alisema kwamba huyu ndiye Toussaint anayemjua yeye, hajamwona mwingine.

Aliyejibu alikuwa kapita, mfungwa anayewasimamia wenzake, aliyekuwa amesimama nyuma ya geti. Alisema Toussaint yuko chumba cha nyuma. Haamki, lakini anapumua.

Kisha mama mmoja akaanza kulia, na wa pili, na mara wote wakawa wanalia upya, lakini kilio hiki kilikuwa na kicheko ndani yake, na watu walikuwa wanakumbatiana juu ya maiti ya mtu wasiyemjua. Kwaya peke yake ndiyo iliyokaa kimya, maana haina wimbo wa jambo kama hilo. Furaha ilimpanda Georgette ghafla, akainuka.

Direkta naye alifurahi, akasema Mungu ni mwema, basi kila mtu arudi nyumbani. Georgette akauliza, na Toussaint? Direkta akamweleza tena kile alichoelezwa mara sita: kama ni hai, basi ni mfungwa, na mfungwa hatoki bila karatasi ya parke. Aje kesho.

Neno kesho ndilo lililofungua mdomo ule uliofungwa wiki tatu. Lakini haukufunguka kwa matusi, kama Noella alivyotegemea. Georgette alichukua kalamu mkononi mwa direkta, akaigeuza, akamrudishia.

"Direkta, asubui mumeandika Toussaint amekufa. Saa hii unasema iko muzima. Basi andika tena," alisema. "Andika ya kama leo umemuona, na weye ndiye umekatala atoke. Andika ya kama kesho ataitika jina yake pale ku kidirisha. Tia saini. Minye nachukua hiyo karatasi, narudi kwangu, sisemi neno."

Direkta aliitazama kalamu. Aliitazama karatasi ya kifo cha mtu aliye hai, yenye mhuri wake juu yake. Aliwatazama watu sitini, ambao sasa wengi wao walikuwa wameketi chini mbele ya geti, kwa utaratibu, kama walivyozoea kuketi msibani. Hakuandika. Baada ya muda alimwambia Déogratias achukue bereti yake na kumsindikiza mgonjwa hospitali, habari za parke zitafuata.

Wakamtoa Toussaint juu ya kipande cha mkeka. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na harufu yake ilimtangulia. Alifungua macho kwa shida kwenye mwanga. Aliona kwaya, aliona machela, aliona vilemba vya msiba, aliona dada yake ameshika beseni na shuka jeupe.

"Yaya," aliuliza, "nani amekufa?"

"Nyamaza," Georgette alisema.

Sasa machela ilikuwa moja na watu wawili. Walimshusha mzee taratibu wakamlaza juu ya lile shuka jipya, wakampandisha Toussaint. Direkta alikohoa, akauliza kama familia haiwezi, kwa kuwa imeshafika, kusaidia na huyu mwingine. Georgette akauliza ni nani. Kapita alisema walimwita Mzee tu. Hakuwa na mtu wa kumletea chakula. Alishikwa na tumbo siku tatu, akaisha. Hakuna aliyemwombea karatasi ya hospitali, kwa sababu huko nje hakuwa na mtu wa kwenda kuambiwa kesho.

"Nimemufunua uso," Georgette alisema. "Anaenda na sisi."

Ndipo wakagawanyika. Nusu walikimbiza machela hospitali, Déogratias akishika pembe moja ya mbele kwa sababu kijana mmoja alichoka. Nusu walimweka mzee kwenye pusupusu, mkokoteni wa wauza samaki, wakamfunika vizuri, wakamsukuma mpaka Songo, na kwaya ikapata wimbo wake.

Mtaani manung'uniko hayakukosekana. Mjomba mmoja wa Rémy, mtu wa kuuliza makabila ya watu kabla ya majina yao, alitaka kujua huyu mzee ni wa wapi, na kama ni sawa kumlilia mtu usiyejua kwao. Georgette, ambaye alikuwa ametoka hospitali mbio, alimwambia kwamba bashi imeshatandikwa, maharage yameshaiva, jeneza limeshakamilika, na kama mjomba anajua kijiji ambacho watu wake hawafi, awaelekeze wote wahamie. Mjomba alikaa, akala.

Jeneza lilikuwa refu kwa mzee. Pitchou alitaka kulikata. Georgette alikataa, akasema mtu huyu amelala kwa kubanwa ubavu na watu mia tatu, sasa alale kwa nafasi. Walimzika kesho yake. Msalaba ulibaki bila jina.

Hospitalini daktari alipasua mguu, akatoa usaha, akatundika dripu. Alisema siku mbili zaidi na angekuwa anaongea nao maneno mengine. Georgette alimuuliza ni dawa gani kubwa hivyo ilihitajika. Daktari alimtajia, na ilikuwa ile ile aliyonunua dukani kwa mkono wake, ile iliyobaki getini. Hasira aliyoisikia siku ile bado anayo, anaitunza vizuri, na ukimgusa atakutolea.

Siku ya tatu asubuhi, siku ya kuvunja kilio, homa ilishuka. Toussaint aliomba chai. Akanywa nusu kikombe, akaangalia mlangoni, kisha akauliza kama mzee wake amepelekewa chakula.

Georgette aliuliza mzee gani.

"Mzee Habonimana. Minye sikuweza tena kuamuka," Toussaint alisema. "Yeye ndiye alikuwa anaenda ku kidirisha, anaitika jina yangu. Analeta bugali, ananilisha minye kwanza. Yeye anakula yenye inabakia. Halafu anaenda kuosha sufuria."

Aliendelea polepole. Mzee alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa tajiri mmoja huko Lubarika. Ng'ombe waliingia katika shamba la mpunga la mtu. Ng'ombe walirudishwa kwa mwenyewe, na mchungaji akafungwa. Alikuwa na binti, lakini hakuwahi kupata mtu wa kumpelekea habari. Siku za mwisho, tumbo lilipomshika, bado alijikokota kwenda kuitika, akisema kwamba wasiposikia mtu akiitika, sufuria itarudi imejaa, na dada wa watu atakufa kwa moyo.

Georgette alimpangusa mdogo wake uso, ingawa uso haukuwa na kitu. Kisha akarudi Songo, akasimama katikati ya viti arobaini, na kabla chakula cha mwisho hakijapakuliwa aliwaambia watu jina la marehemu na kile alichofanya. Watu walikuwa wameshachoka kulia, siku tatu si mchezo. Walilia tena, hata mjomba. Rémy aliondoka bila kuaga, akaenda na kopo la rangi kuandika jina kwenye msalaba.

Yaliyobaki yalikuwa ya karatasi. Kwenye vitabu vya serikali Toussaint alikuwa marehemu, na Georgette alikwenda parke mara ya saba kuwaomba wamrudishe duniani. Kumbe kumfufua mtu ni lazima dosye yake ifunguliwe. Ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na karatasi moja na picha ya motere. Mwendesha mashtaka mgeni, dada aitwaye Bénédicte, aliisoma mara mbili, akauliza mlalamikaji ni nani, na hakuna aliyejua, basi akaifuta kesi. Toussaint alitoka hospitali akaenda nyumbani, hakupita tena Kwa Ukuta. Anachechemea kidogo mpaka leo. Anachomelea vyuma, na motere hagusi.

Madereva wa njia ya Kamanyola waliombwa kupeleka habari Lubarika. Baada ya kama siku kumi alifika binti mmoja aitwaye Délice, mwembamba, na vumbi la barabara miguuni. Alikuwa ametafuta baba yake katika makasho, mahabusu zote za uwanda, hakuna aliyemwambia kwamba alishushwa Uvira. Walimpeleka kaburini. Alisoma jina, akaligusa kwa kidole. Hakulia. Waliporudi, alikaa kwenye kiti uani na kumuuliza Georgette jambo moja tu.

"Mama, kuna mutu alimulilia?"

Georgette angeweza kumpa jibu fupi. Lakini alimwambia ukweli wote.

"Tulimulilia siku tatu. Siku ya kwanza tulimulilia na jina ya mwingine, utusamehe. Lakini machozi ilikuwa ya kweli."

Délice aliinamisha kichwa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo uliombana kifua kwa safari nzima. Georgette alimwambia Toussaint ampe mgeni chakula. Toussaint alichechemea ndani, akatafuta sufuria, akarudi na ile aliyoikuta kwenye kona. Ilikuwa ile tupu ya siku ile ya Jumanne, bado imefungwa kitambaa chake. Tangu siku ile ilikuwa hapo. Georgette alikuwa amejaribu fundo lile mara moja kwa meno, likamshinda, akaiacha.

Délice aliitazama. Aliichukua kutoka mikononi mwa Toussaint, akatafuta ncha moja ya kitambaa, akaivuta kwa vidole viwili, na fundo lote likafunguka.

"Ni vile baba anafungaka ndama," alisema, na ndipo machozi yakamtoka.

Ndani ya sufuria mlikuwa safi, mmesuguliwa kwa mchanga mpaka mnang'aa, kijiko kimelazwa katikati. Georgette alimkumbatia binti mpaka alipotulia. Kisha akaichukua sufuria, akaenda nayo jikoni, akaijaza.